Hospitali maalum, kituo cha mahema au pavilioni ya hospitali ya jumla: Goma ijenge nini kabla ya mlipuko ujao?

Kila mlipuko unapopungua, Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hurudi kwenye mjadala uleule. Kamati za afya za mitaa zinakaa, makanisa yanachangisha, ndugu zetu walio ng'ambo wanauliza mchango wao uende wapi, na hakosekani mtu wa kusema: "Tujenge hospitali yetu wenyewe ya magonjwa ya kuambukiza, kubwa na ya kisasa." Wengine wanataka mahema na vitanda vikae ghalani tayari. Wengine wanasema tutengeneze vizuri pavilioni moja, yaani jengo la peke yake la kutengea wagonjwa, ndani ya hospitali tulizonazo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya hao wanaotakiwa kuamua. Njia hizi tatu hazifanyi kazi sawa, na uamuzi ukikosewa, gharama yake inamwangukia mgonjwa wa kwanza na muuguzi aliyempokea.

Hatuamui juu ya jambo la mbali. Kipindupindu hakijawahi kutuacha. Surua hurudi. Ebola ilifika mjini Julai 2019. Corona ikafuata mwaka 2020, na mwaka 2024 mpox, ugonjwa wa vidonda vya ngozi, ikaingia hadi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya mji. Magonjwa matano, na hayasambai yote kwa njia moja. Hapo ndipo ulinganisho unapoanzia.

Kazi yenyewe ni ipi

Jengo peke yake halitibu mtu, basi tuanze na kazi. Hospitali inayoyajua magonjwa ya kuambukiza huanza kazi getini. Kabla mtu hajafika kwenye benchi la kusubiri, kuna mhudumu anayempima joto na kumwuliza: umetoka wapi, umemuuguza nani, umehudhuria mazishi ya nani. Mwenye dalili hupita mlango wake. Kuanzia hapo mwendo ni wa upande mmoja: mhudumu anatoka sehemu safi, anaingia kwa wanaoshukiwa, kisha kwa waliothibitishwa, halafu anatokea mlango mwingine. Harudi alikopitia.

Wanaoshukiwa hawalazwi pamoja na waliothibitishwa. Ni kanuni fupi, lakini ndiyo ya kwanza kuvunjwa wagonjwa wanapozidi nafasi. Ebola katika siku zake za mwanzo inafanana na malaria: homa, kichwa kuuma, mwili kulegea. Wengi wanaoletwa wakishukiwa hukutwa na malaria au taifodi. Ukiwachanganya, aliyekuja na malaria anaweza kurudi nyumbani na Ebola. Tena kipimo kikitoka hasi wakati dalili hazijatimiza siku tatu, hurudiwa saa 72 zikishapita tangu dalili zianze, na muda wote huo mtu huyo anahitaji chumba chake, choo chake na mtu wa kumweleza kwa nini bado amezuiliwa.

Halafu kuna maji. Kloro ya asilimia 0.05 ni ya mikono, ya asilimia 0.5 ni ya sakafu na vitu vilivyochafuka, na pipa la moja halipaswi kuchanganywa na la nyingine. Kuna taka, kuna maiti, kuna nguo za kufua. Na kuna kuvua mavazi ya kinga, kazi inayotisha kuliko kuyavaa. Mhudumu amekaa humo kama saa moja, jasho limejaa kwenye buti, miwani imeingia ukungu, naye anataka kuyatoa yote upesi. Mbele yake anasimama mwenzake akimtajia hatua moja baada ya nyingine: osha glavu, inama, funga macho, vua miwani, osha tena. Huyo anayetaja hatua akikosekana, jengo la mamilioni ya dola halitamlinda mwenzake.

Kwa hiyo swali nitakalouliza kwa kila njia ni hili: itaifanya kazi hii vizuri kiasi gani, na itakuwa tayari siku mgonjwa wa kwanza anapobisha hodi?

Hospitali maalum

Faida yake kubwa ni mazoea. Wauguzi wake hawajifunzi kuvaa na kuvua siku ya mlipuko, maana ndiyo kazi yao ya kila wiki. Maabara iko jirani, vyumba vimejengwa kwa ajili ya kutenga, na mtiririko wa wagonjwa ulifikiriwa tangu kwenye ramani. Singapore ilifungua kituo chake cha taifa cha magonjwa ya kuambukiza mwaka 2019, kikiwa na vitanda 330, na miezi michache baadaye corona ikaingia nchini humo. Kule Roma, hospitali ya Spallanzani ilifanya kazi hii kwa miongo mingi kabla ya kuwapokea watalii wawili waliokuwa wagonjwa wa kwanza wa corona waliothibitishwa Italia, Januari 2020. Hospitali za aina hii hazilali wakati wa utulivu. Hutibu kifua kikuu na UKIMWI, hufundisha na kufanya utafiti, na hayo ndiyo yanayozifanya ziwe hai mlipuko unapokuja.

Ila kuna mfano wa karibu zaidi nasi kwa hali ya maisha. Lagos ilikuwa nayo hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, kule Yaba, tangu zamani. Ebola ilipoingia jijini Julai 2014, mgonjwa hakupelekwa Yaba. Alipelekwa hospitali ya binafsi, First Consultant, na walianza kumtibu kama mwenye malaria. Aliyesimama imara akakataa kumruhusu aondoke, licha ya kushinikizwa, ni Dkt. Ameyo Stella Adadevoh, ambaye naye aliambukizwa na kufariki tarehe 19 Agosti 2014. Yaba ilibidi itengenezwe haraka ili iweze kupokea wagonjwa. Nigeria ilimaliza na wagonjwa 20 na vifo 8, idadi ndogo mno kwa jiji kama lile, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya mlango wa kwanza, pamoja na watu waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliokutana na wagonjwa.

Goma ilipata picha ileile. Mchungaji aliyefika kwa basi tarehe 14 Julai 2019 kutoka Butembo, mji wa kaskazini uliokuwa na mlipuko, alikwenda kwenye kituo cha afya cha kawaida. Wahudumu walimtilia shaka, wakampeleka kwenye kituo cha matibabu ya Ebola, na siku hiyohiyo maabara ikathibitisha. Haikuwa bahati tu: kwa miezi kadhaa mji ulikuwa ukijiandaa, na karibu watoa huduma 3,000 walikuwa wamechanjwa. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa, lakini Goma haikuwaka kama Beni na Butembo.

Hospitali maalum, basi, ni nzuri kwa mgonjwa wa pili na kuendelea, akishaletwa na anayejua pa kumleta. Kwetu ina ugumu mwingine. Vyumba vya kunyonya hewa, ambavyo mashine huzuia hewa ya mgonjwa isitoke kwenye korido, vinahitaji umeme usiokatika. Mji huu umekosa umeme na maji baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, na ukakosa tena wakati wa mapigano ya Januari 2025, watu wakarudi kuchota ziwani kwa mabidoni. Mashine ya hewa isiyo na umeme inaacha chumba kilichofungwa, kibaya kuliko chumba chenye madirisha. Na katika miaka ya utulivu, nani atawalipa watu wake? Jengo lisilo na mishahara hugeuka ghala, kisha ofisi.

Kituo cha mahema

Nataka kuondoa dharau kwanza. Watu wengi husikia mahema wakafikiria huduma duni. Majaribio makubwa ya dawa za Ebola, yaliyoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake kuanzia Novemba 2018, yalifanyika katika vituo vya muda vya Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Huko ndiko ilikobainika, Agosti 2019, kwamba kwa dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, wagonjwa waliokufa walikuwa kama theluthi moja, wakati kwa dawa nyingine mbili walikuwa karibu nusu. Dunia nzima inatumia elimu hiyo leo, na ilipatikana chini ya mabashi, maturubai ya kawaida.

Kwa kipindupindu, mahema hayana mpinzani. Kitanda chenyewe ni cha turubai, kina tundu katikati, ndoo moja chini yake na nyingine kando ya kichwa kwa matapishi. Muuguzi anatazama ndoo kabla ya kufungua faili, maana ndoo ndiyo inayomwambia maji yanatoka kwa kasi gani. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa kabisa anahitaji lita 6 za Ringer, seramu ya mshipani, ndani ya saa tatu, karibu lita 2 kati ya hizo katika nusu saa ya kwanza. Akishaweza kunywa, anapewa SRO, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Kipindupindu kikali bila tiba kinaweza kuua zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kwa tiba ya mapema vifo hushuka chini ya asilimia 1. Hapo hakuna mashine ya gharama, hakuna daktari bingwa. Kuna seramu, ndoo, kloro, na umbali. Mgonjwa wa Bulengo anayevushwa mji mzima kufuata hospitali ya kisasa anaweza kufia njiani, juu ya pikipiki. Kituo kikiwa mita mia tano kutoka kwake, kesho kutwa yuko nyumbani. Wanaokumbuka Julai 1994, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi waliotoka Rwanda, wanajua maana ya kuchelewa kwa siku chache tu.

Tatizo la mahema ya kipindupindu hapa Goma ni ardhi. Tumekaa juu ya mawe ya volkano. Shimo la choo linalochimbwa kwa siku mbili kwingine, hapa linakula wiki za nyundo na tindo, na mara nyingi inabidi vyoo viinuliwe juu na matangi yawekwe chini. Anayepanga kituo cha mahema bila kupanga kinyesi kitakwenda wapi, bado hajapanga kituo. Hili lifanyike sasa, wakati wa utulivu: maeneo yachaguliwe, matangi yajengwe, na njia ya gari la kunyonya uchafu iachwe wazi.

Kwa Ebola hesabu inabadilika. Uzio wa plastiki ya chungwa ukipanda uwanjani, watu wanaona magari yanaingia na majeneza yanatoka, na maneno yanaanza: kule mtu anaingia kwa miguu yake, anatoka ndani ya mfuko. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya siku chache. Sababu zilikuwa nyingi, siasa na silaha zikiwemo, lakini kituo kilichokuja na wageni, kisichotibu ugonjwa mwingine wowote, na kitakachoondoka nao, hakina majirani wa kukitetea. Kilichosaidia ni kufungua macho ya watu. Vile vyumba vya plastiki inayoona ng'ambo, vinavyoitwa CUBE, vilimwezesha mama kuketi nje akamwona mwanawe, akamsemesha, akajua anakula. Muuguzi naye aliweza kumhudumia kupitia mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani bila kuvaa vazi zima. Na waliopona waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mahema yakitumika tena kwa Ebola, yasije bila vitu hivyo viwili.

Pavilioni ndani ya hospitali ya jumla

Hii ndiyo njia ninayoipigia debe, ingawa ndiyo yenye hatari iliyo karibu zaidi.

Watu wanaijua hospitali. Wamezalia pale, wamefanyiwa upasuaji pale. Kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Mkoa, Virunga, Ndosho au Kyeshero si habari ya kuwashangaza majirani. Anayeshukiwa akikutwa na malaria, dawa iko hatua chache. Mama mjamzito mwenye homa anayevuja damu, ambaye kituo cha mahema hakijui kumzalisha na wodi ya wazazi inaogopa kumpokea, ana mkunga na daktari wa upasuaji ndani ya uzio mmoja. Muuguzi wa pavilioni, wakati wa utulivu, anawahudumia wenye kifua kikuu, surua na kuhara. Mikono yake haipoi. Mshahara wake, hata ukiwa mdogo na wa kuchelewa, unatoka kwenye mfumo uleule kabla na baada ya mlipuko.

Hatari ni kuvuja. Mwaka 2018 kule Beni, watoto wengi walipata Ebola katika vituo vidogo vya binafsi walikopelekwa kwa ajili ya malaria. Sindano, kitanda kisichosafishwa, muuguzi anayetoka kwa huyu kwenda kwa yule na glavu zilezile. Pavilioni isiyo na geti lake, choo chake, maji yake na zamu yake ya wahudumu hupeleka ugonjwa katika wodi zote. Nikiona ramani ambayo mgonjwa wa kutengwa anapitishwa kwenye korido ya wazazi, naikataa bila kujali rangi ya vigae. Na zamu ni zamu: muuguzi wa pavilioni haitwi wodi ya watoto saa nane za usiku kwa sababu wenzake wamepungua.

Hatari ya pili ni fakitire, yaani bili ya hospitali. Hospitali zetu zinaishi kwa malipo ya wagonjwa, na sote tunajua hadithi za watu kuzuiliwa kwa deni. Mtu mwenye homa anayeogopa fakitire atabaki nyumbani au atakwenda kwa mwenye duka la dawa, na huko hatapimwa. Mlipuko ulipoanza 2018, matibabu yalifanywa ya bure katika maeneo yaliyoguswa, na watu wakajitokeza kwa wingi. Pavilioni inayotoza kadi ya kuingia tayari imeshindwa. Anayechangia ujenzi aseme hili kwa maandishi kabla ya kutoa fedha: getini na pavilioni, hakuna malipo, mlipuko uwepo au usiwepo.

Nyumbani

Kwa mpox isiyo kali, kuuguzwa nyumbani ni chaguo halali: chumba cha peke yake, vidonda vifunikwe, shuka lisichangiwe, hadi magamba yaanguke na ngozi mpya ijifunge, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Mtaani Himbi, kwenye nyumba ya vyumba vinne, inawezekana. Kambini, familia ya watu saba chini ya bashi moja, haiwezekani, na kumwambia mama ajitenge na mtoto anayenyonya ni kusema ili tuonekane tumesema. Huko vitanda vya kituo kama kile cha Munigi ndivyo vilivyohitajika. Ebola na kipindupindu kikali si vya kuuguzwa nyumbani hata siku moja.

Ukichagua kwa kufuata ugonjwa

Kipindupindu: mahema madogo mengi, karibu na watu, na sehemu za kunywea SRO mitaani. Ebola: pavilioni ya kupokea na kupima siku ya kwanza, kisha kituo cha kando wagonjwa wakizidi vyumba vyake. Mpox: nyumbani kwa anayeweza, pavilioni kwa watoto, wajawazito na wenye kinga dhaifu. Surua, kifua kikuu na corona husafiri hewani, na hapa jengo lina maana kuliko mahali pengine popote. Chumba chenye mashine kinatakiwa kubadili hewa mara 12 kwa saa. Chumba chenye madirisha mapana yanayotazamana, dari ya juu na mlango unaofunguka nje kinaweza kufika huko bila umeme, upepo wa ziwa ukiwa upande wetu. Naomba wahandisi wetu walichukue hili kwa uzito, maana wagonjwa wa hewani ndio wengi. Mwaka 2019 na miezi ya mwanzo wa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 Kongo, wengi wakiwa watoto. Mlipuko wote wa Ebola wa mashariki, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliua 2,287. Ni Ebola iliyopata magari na vichwa vya habari.

Vita navyo viingie kwenye hesabu. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipofika mjini, zaidi ya wagonjwa 100 wa mpox walikimbia vituo. Jengo moja kubwa likifungwa, huduma yote imefungwa. Pavilioni tatu, moja katika kila zoni ya afya, yaani Goma, Karisimbi na Nyiragongo, haziwezi kufungwa zote kwa urahisi kiasi hicho.

Fedha zikipatikana, ziende wapi

Ningeanza na mageti ya vituo vya afya, vikiwemo vya binafsi, kuanzia Birere hadi Ndosho na kando ya barabara za Sake na Rutshuru: kibanda cha kuchuja wagonjwa, chumba kimoja cha kumkalisha anayeshukiwa hadi ambulansi ifike, kloro ya kila siku, na namba ya simu ya zoni inayopokewa usiku. Mchungaji wa Butembo alikwenda kwenye mlango wa aina hiyo, na wa mlipuko ujao atakwenda kwenye mlango wa aina hiyo. Pili, pavilioni tatu, vitanda kumi hadi ishirini kila moja, madirisha mapana, geti lake. Tatu, ghala la mahema, Ringer na vitanda vya kipindupindu, na maeneo yaliyokwisha kutayarishwa juu ya mawe yetu.

Mfadhili akija na hospitali maalum, nisingemfukuza. Ningemwomba aijenge kando ya hospitali ya jumla, itibu kifua kikuu kila siku, ifundishe wauguzi wa mageti yote niliyoyataja, na ningemtaka asaini mishahara ya miaka mitano pamoja na ramani. Akikubali ramani akakataa mishahara, fedha hizo aombwe azielekeze kwenye mageti.